Nani hasa anatoa sumu ya muhogo?

Bibi yangu kule Ukerewe alikuwa akimenya muhogo mchungu, anaurundika, anaufunika kwa majani na magunia, kisha anauacha siku tatu nne. Ukifunuliwa umeota ukungu, umelainika, unanuka. Anakwangua ukungu, anauponda, anauanika juu ya mwamba. Huo ndio udaga. Nilipoanza kusomea biokemia ya mimea nilijiambia nitakitafuta kijidudu kinachokula ile sumu, nacho kitanipa shahada. Miaka ilipita kabla sijakubali kwamba swali langu lilikaa upande.

Muhogo hauhifadhi sianidi, ile sumu yenyewe, ikiwa huru. Unahifadhi linamarini, yaani sianidi iliyofungwa kwenye sukari. Mmea huitengeneza kutokana na valini, asidi amino ya kawaida kabisa, na nyingi hutengenezwa kwenye majani kisha hushushwa mizizini. Hukaa ndani ya vakuoli, kile kifuko cha maji cha seli, ilhali kimeng'enya (protini inayoharakisha kazi za kemia) kinachoikata, linamarasi, kiko nje kwenye ukuta wa seli. Wapangaji wa nyumba moja wasioonana. Panya akitafuna, seli zikapasuka, ndipo wanapokutana: glukosi inang'oka, inabaki sianohidrini, nayo huvunjika kuwa asetoni na hidrojeni sianidi. Hii ya mwisho huchemka kwenye nyuzi 26 tu za Selsiasi. Mchana wa Dar es Salaam haihitaji jiko.

Ndiyo maana kisamvu hutwangwa. Majani yana linamarini nyingi, lakini yana linamarasi nyingi pia, na mchi hauachi seli salama. Ukichemsha bila kutwanga, joto linakiharibu kimeng'enya mapema, na linamarini isiyojali moto wa sufuria inabaki humo. Kwa mizizi michungu ni vivyo hivyo: kuchemsha peke yake si kinga.

Hili lilinifedhehesha mwaka wangu wa kwanza maabara. Kwa haraka zangu nilikausha vipande vya muhogo kwenye oveni kali badala ya kuvianika. Karatasi za pikreti, ambazo hutoka rangi ya njano kwenda kahawia kadiri sianidi inavyozidi, ziliiva kahawia kuliko zile za muhogo wa juani. Nikadhani nimechanganya lebo. Nikarudia mara mbili. Lebo zilikuwa sawa. Mimi ndiye niliyekausha kabla linamarasi haijamaliza kazi yake.

Na vijidudu je? Kwenye muhogo uliokunwa mchango wao kwa upande wa sumu ni mdogo, maana mbuzi ya kukunia imeshapasua seli. Vinahitajika kwenye muhogo mzima, uliolowekwa au kurundikwa: vimeng'enya vyao huyeyusha pektini, ile gundi inayoshikanisha seli. Vinafungua mlango tu, anayekata linamarini ni zaidi kimeng'enya cha muhogo wenyewe. Tena bakteria wa asidi ya laktiki wana kituko chao: uchachu wanaouleta, pH (kipimo chake, kinachoshuka uchachu ukizidi) ikishuka chini ya 5, huifanya sianohidrini itulie isivunjike. Inabidi jua na moto vimalizie.

Mwaka 1985, wilayani Tarime, ukame uliwaachia watu mihogo michungu, na njaa ikafupisha siku za kuiandaa. Watoto na wanawake wakakakamaa miguu ghafla, na ulemavu huo hauponi. Ni konzo, neno la Wayaka wa Kongo, ambako daktari Trolli aliueleza ugonjwa huo mwaka 1938. Mwili hugeuza sianidi kuwa thaiosianeti kwa salfa itokayo kwenye protini: dagaa, mayai, maharage. Mwaka wa njaa hivyo ndivyo vinavyokosekana mezani. Nayo linamarini iliyomezwa nzima, sehemu hutoka na mkojo, sehemu hukatwa na bakteria wa utumbo. Kijidudu nilichokuwa nikikitafuta kipo, ila kinafanya kazi mahali pabaya kabisa.

Howard Bradbury, mwanakemia wa Australia, alibuni njia nyepesi ya kutoa sumu iliyobaki kwenye unga wa muhogo: uulowanishe kwa maji, uutandaze tabaka jembamba, usubiri kwa muda wa saa 2 juani au saa 5 kivulini, kisha usonge ugali siku hiyohiyo. Linamarasi iliyosalia kwenye unga inaamka na kumaliza kazi, gesi inapaa. Nilimsongea bibi. Alikula, akasema hauna ladha ya udaga. Kwenye ladha, vijidudu ndio wenye kazi, na sikuwa na la kumjibu.