Maana ya tofauti za haiba miongoni mwa waraibu

Haiba, katika saikolojia, ni mwelekeo wa kudumu wa namna mtu anavyohisi, anavyofikiri na anavyotenda, awe nyumbani, kazini au kijiweni. Wanaochunguza tofauti za haiba miongoni mwa waraibu huuliza kama mtumiaji wa heroini, mlevi wa pombe na mvutaji wa bangi hutofautiana kwa hulka, au ni watu wa namna moja waliokumbana na vilevi tofauti.

Mwaka 1985 Edward Khantzian, daktari wa akili wa Marekani, alieleza kwamba kilevi hakichaguliwi kwa kubahatisha: heroini humvuta aliyeelemewa na ghadhabu, na kokeini humvuta, miongoni mwa wengine, mwenye sonona. Maelezo hayo yanavutia, ingawa naona yanamkadiria mraibu uhuru mkubwa kuliko alionao, kwani kijana wa Tanga au Mombasa huanza na kinachouzwa mtaani kwao, na wengi huchanganya unga, bangi na vidonge, hata ikawa vigumu kusema ni wa kundi gani.

Vipimo vya haiba navyo huonyesha kwamba watumiaji wa heroini na kokeini, kwa wastani, wana wasiwasi mwingi na nidhamu ndogo ya nafsi, ilhali wavutaji wa bangi hupenda zaidi mambo mapya bila kuwa na wasiwasi uliopita kiasi. Wastani, hata hivyo, haumtambulishi mtu mmojammoja.

Tatizo kubwa ni kwamba wengi hupimwa wakiwa tayari ndani ya uraibu. Mtu aliyeshikwa na arosto, yaani mateso ya kukosa kilevi alichokizoea, hupiga miayo, hutokwa na makamasi, huumwa viungo, na anaweza kuiba simu ya mama yake mzazi, kisha majirani wakasema ndivyo alivyoumbwa. Mtu huyohuyo akishazoea kunywa dozi ya methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa heroini, kila siku mbele ya mhudumu, kama inavyofanyika Muhimbili tangu 2011, aghalabu hutulia, na majibu yake kwenye dodoso huweza kubadilika.

Isitoshe, watumiaji wa kilevi kimoja nao hawafanani. Robert Cloninger, daktari wa akili wa Marekani, na wenzake, waliochunguza watoto wa kulea nchini Uswidi na kuchapisha matokeo mwaka 1981, walitofautisha walevi wa aina mbili: wanaozama katika pombe utu uzimani, wengi wao wakiwa waoga na wenye kujilaumu, na wanaoanza mapema, hasa wanaume, wenye pupa na ugomvi.