Ukuta wa kaka, uchochoro wa dada: yasemwayo kibarazani kuhusu nyumba ya urithi

Buguruni, hapa Dar es Salaam, mwaka mmoja wa masika mabaya, tulipitisha jeneza juu ya ukuta. Vijana wawili walipanda kwenye stuli upande wa ndani, wawili wakapokea upande wa nje, na mzee mmoja akawa anasema "taratibu, taratibu" kama vile marehemu angeumia. Uchochoro uliotoka nyumba ya nyuma kwenda barabarani ulikuwa umebanwa mpaka watu wawili hawapishani. Aliyeubana ni kaka wa marehemu, aliyejenga mbele. Siku ile alikuwepo, amevaa kanzu, anashika jeneza na yeye.

Mimi si mwanasheria. Mwandiko wangu mzuri ndio umeniponza: familia ikikaa kikao cha mirathi mtaani kwetu, huniita niandike muhtasari. Nimeandika mingi, na maneno ni yale yale. Nikaanza kwenda kuuliza wanaojua na kusoma sheria zenyewe, nikakuta mengi tunayoapa kwayo hayamo.

La kwanza, na ndilo mama wa yote: "Mzee amefariki, kwa hiyo nyumba ni yetu, kila mtu achukue upande wake."

Hapana. Mzee akifariki, mali yake inasubiri msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Warithi wana haki ya kupata fungu, lakini mpaka mgawo ufanyike hakuna mwenye kona yake. Kaka aliyejenga mbele hamiliki mbele, dada wa nyuma hamiliki nyuma. Wote wamo ndani ya mali ya marehemu.

Hili linaonekana jambo la vitabuni mpaka siku ya kushitaki. Dada mmoja, sina haja ya kumtaja, alikwenda baraza la ardhi kulalamikia ukuta. Ana picha, ana mashahidi, ana mkataba wa baba yake wa kununua shamba ulioandikwa kwa wino wa bluu. Akaulizwa: wewe ni nani katika ardhi hii? "Mimi ni binti yake." Shauri likatupwa. Anayeweza kudai au kudaiwa kwa niaba ya marehemu ni msimamizi mwenye barua ya usimamizi, na Mahakama ya Rufani imeshalisema hilo. Kuwa mtoto wa marehemu, hata kitinda mimba aliyemuuguza mpaka mwisho, hakutoshi. Miezi minane ya nauli za bajaji ikaishia hapo.

"Lakini sisi tunaye msimamizi, kikao cha ukoo kilimchagua kaka mkubwa baada ya arobaini." Nimeandika sentensi hiyo kwa mkono wangu mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka. Kikao kinapendekeza tu. Anayeteua ni mahakama. Muhtasari ule unasaidia mahakama ione kwamba familia inakubaliana, basi. Ukikaa kabatini miaka kumi, ndani ya mfuko wa nailoni pamoja na cheti cha kifo, unabaki karatasi. Kwa wakazi wa Dar es Salaam siku hizi mashauri ya mirathi yana kituo chake, kituo jumuishi cha masuala ya familia kule Temeke.

Tukishampata msimamizi tunaingia kwenye kosa la pili kwa ukubwa: kumwona ndiye mwenye nyumba. Anaanza kukusanya kodi za wapangaji, anabadili kitasa cha chumba cha mbele, anatembea tofauti. Kisheria huyo ni mtumishi wa warithi na wadai. Aliyeteuliwa na mahakama ya mwanzo anatakiwa ndani ya miezi 4 kupeleka orodha ya kweli ya mali na madeni yote, ile fomu namba 5, na baadaye hesabu za namna alivyogawa, fomu namba 6. Mrithi yeyote anaweza kwenda kuuliza fomu hizo ziko wapi. Asipoeleweka, mahakama inaweza kumvua usimamizi na kumpa mwingine. Ndugu wengi hawajui kwamba fomu hizo zipo. Wanagombana kwa simu mwaka mzima kuhusu kodi ya vyumba sita, na faili liko pale linasubiri mtu aulize.

Hapo hapo kuna imani nyingine iliyo kinyume chake: kwamba msimamizi akiuza bila saini ya kila mrithi, mauzo ni batili moja kwa moja. Ningependa iwe hivyo. Mahakama ya Rufani ilishaamua kwamba sheria haimlazimishi msimamizi kupata ridhaa ya warithi wote kabla ya kuuza mali ya marehemu. Akiuza kwa ubadhirifu atawajibishwa, lakini mnunuzi aliyenunua kwa msimamizi halali si rahisi kumng'oa. Kwa hiyo ukisikia dalali anapita na watu wanapiga picha nyumba ya baba yenu, usisubiri "aje aniombe saini yangu". Nenda mahakamani kwenye lile lile shauri la mirathi ukaweke pingamizi mapema. Wahenga walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, lakini wao hawakuishi Buguruni. Hapa mjini ndugu wakigombana, dalali ndiye anayekwenda kulima.

Sasa la dada. "Ameolewa, ana kwao." "Apewe chumba akija kutembea." Nimelisikia kwa watu wa dini zote na makabila yote, na kila mmoja anadai ndiyo mila yake.

Sheria ya Ardhi ya 1999, Sura ya 113, inasema mwanamke ana haki ya kupata, kumiliki, kutumia na kuuza ardhi sawasawa na mwanamume. Kiasi anachorithi kinategemea sheria inayotumika kwa marehemu, na hapo ndipo watu huchanganya. Kama marehemu aliishi Kiislamu, binti ana fungu lake linalojulikana, nusu ya fungu la kaka yake, na mjane mwenye watoto ana thumuni, yaani sehemu moja ya nane. Nusu ya fungu si "chumba akija kutembea". Ni sehemu ya ardhi au ya thamani yake, aolewe asiolewe. Kama marehemu alikuwa Mkristo aliyeacha kuishi kimila, mahakama hutumia sheria ya kale ya urithi ya India ya 1865, ambayo Mwingereza alituletea: mjane theluthi moja, watoto theluthi mbili kwa usawa, wa kike na wa kiume. Kwenye mila ndiko binti alikobanwa, kwa kanuni zilizotangazwa 1963. Hata huko, mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu Mwanza aliamua shauri la mwanamke wa Kihaya aliyeuza shamba alilorithi kwa baba yake, ndugu wa ukoo wakapinga kwamba mwanamke hauzi ardhi ya ukoo. Jaji akasema kumnyima haki hiyo ni ubaguzi unaokatazwa na Katiba. Ni zaidi ya miaka thelathini sasa, na bado nasikia "ana kwao" mbele ya watu waliosoma.

Wosia nao una vituko. "Baba aliniambia mimi peke yangu, usiku, kwamba nyumba ni yangu." Inawezekana kabisa alisema. Kwa kanuni za kimila wosia wa mdomo unahitaji mashahidi wasiopungua 4, wawili wa ukoo na wawili wasio wa ukoo.

Ushahidi wa vitu vidogo tuupitie haraka, maana hapa pana kichekesho. "Kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU yangu." Ni kweli, tangu 2021 kodi ya majengo inakatwa tunaponunua umeme, na sasa nyumba ya kawaida ni shilingi 1,500 kwa mwezi. Hata mpangaji anakatwa. Angekuwa mwenye nyumba kwa hilo, Dar es Salaam nzima ingekuwa ya wapangaji. Kibao cha namba ya nyumba kilichobandikwa wakati wa anwani za makazi kinamsaidia dereva kukupata, hakisemi nyumba ni ya nani. Na muhuri wa serikali ya mtaa kwenye mkataba wa mauziano unaonyesha kwamba mauziano yalishuhudiwa. Kama muuzaji hakuwa na haki ya kuuza, muhuri haumpi.

"Nimekaa hapa miaka 12, sheria inasema ni yangu." Hii imewatia kiburi watu wengi, kwa sababu ina ukweli nusu. Sheria ya Ukomo wa Muda, Sura ya 89, inaweka miaka 12 kuwa kikomo cha kudai ardhi. Lakini anayetaka kuimiliki kwa kuikalia lazima aonyeshe kwamba alikaa bila ruhusa ya mwenyewe, waziwazi, bila kukatizwa, akijichukulia kuwa mmiliki dhidi ya mwenye mali. Mtoto aliyekaa kwa sababu baba alimwambia "jenga hapa" alikaa kwa ruhusa. Aliyebaki kwenye nyumba ya familia baada ya msiba alibaki kama mmoja wa familia. Hiyo si njia ya kumnyang'anya dada yako.

Ila nusu ya pili ya ukweli inawakata wale waliolala. Kwa ardhi aliyokuwa nayo marehemu mpaka kufa kwake, miaka 12 inahesabiwa tangu siku aliyofariki, si tangu siku msimamizi alipopata barua. Mzee alizikwa 2009, mtu wa nje akavamia nusu ya kiwanja, nyinyi mkafungua mirathi 2024 na mwaka huo huo mkaenda kumdai: mna kazi. "Tusiharakishe mirathi, watu watasema tunakimbilia mali" ni maneno ya adabu ambayo yamewagharimu watu viwanja.

Turudi uchochoroni, maana huko ndiko nilikoanzia na ndiko ugomvi mwingi unakoishia.

Kaka anasema: "Njia ni hisani yangu. Nikitaka nafunga." Dada anasema: "Nimepita hapa tangu nazaliwa, haifungwi milele." Wote wawili wamekosea, kila mmoja kwa namna yake.

Kabla ya mgawo kiwanja ni kimoja na ni cha mirathi. Kaka hana njia ya kumfanyia mtu hisani, kwa sababu ardhi anayosema ni yake bado si yake. Akiweka ukuta, amejenga kwenye mali ya marehemu, na msimamizi ana haki ya kumzuia. Tatizo ni kwamba mara nyingi msimamizi ni huyo huyo kaka.

Baada ya mgawo mambo yanageuka. Sasa ni viwanja viwili vyenye wenyewe wawili, na dada anahitaji haki ya kupita kwenye ardhi ya mtu mwingine. Sheria ya Ardhi inaitambua haki hiyo na ina sehemu yake nzima. Inaandikwa, na kama ardhi ina hati inasajiliwa. Ikishakuwepo inafuata kiwanja, haimfuati mtu. Kaka akiuza, mnunuzi ananunua na njia ya dada ndani yake. Sheria ya ukomo pia inaruhusu haki ya njia kupatikana kwa kupita miaka 20, kwa amani, waziwazi, bila kukatizwa na bila kuomba ruhusa. Lakini mtu hapati haki ya kupita juu ya ardhi ya nyumbani kwao mwenyewe. Ile miaka yote dada aliyopita akienda shule, uwanja ukiwa mmoja na baba yupo kibarazani, haimsaidii anavyodhani.

Ndiyo maana nimebadili namna ninavyoandika mihtasari. Zamani niliandika "dada apewe nyumba ya nyuma". Sasa nauliza: atapitia wapi? Watu wananitazama kama naleta uchuro. Nawaomba futi, tunatoka nje na kamba ya manila, tunapima. Jeneza na wabebaji wake, gari la kunyonya majitaka, bajaji yenye mgonjwa: vipite. Upana unaandikwa kwa tarakimu, kutoka kona ipi mpaka mwembe upi, na msimamizi anaubeba mpaka kwenye mgawo wa mahakamani. Kama mtaa umeingia kwenye urasimishaji, yaani kupimwa kwa makazi yaliyojengwa bila mpango, mpimaji aonyeshwe njia kabla ya kuweka bikoni, yale mawe ya mipaka. Ramani ikishaidhinishwa bila njia, kuirudisha ni kazi ya kuomba na kulipa upya.

Na mkishindwana? Bado kuna wanaoamini Baraza la Kata litatoa hukumu na kuvunja ukuta. Tangu mabadiliko ya 2021 Baraza la Kata linasuluhisha tu. Likishindwa linatoa cheti, nawe unakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Zikipita siku 30 bila suluhu, unaweza kwenda hata bila cheti. Na kumbuka yule dada wa mwanzo: uende na barua ya usimamizi, au na msimamizi mwenyewe.

Yule kaka wa Buguruni na wapwa zake walisuluhishwa kata, nusu nusu. Ukuta hajauvunja. Ametoa matofali mawili chini, karibu na karo, ili gari la majitaka likija lisimame barabarani na kupitisha bomba. Bomba linapita vizuri.