Git si GitHub, na mambo mengine tunayodanganyana

Folda ya kazi ya kwanza niliyowahi kulipwa bado ninayo. Ndani yake kuna duka.zip, duka_mpya.zip, duka_mwisho.zip, duka_mwisho_kweli.zip na duka_mwisho_USIFUTE.zip. Habari za Git nilikuwa nimeshazisikia wakati huo, ila nilikuwa nimeziamini vibaya, na yale niliyoyaamini nayasikia hadi leo kwa wanaoanza kutengeneza tovuti. Hata kwa wengine waliokwishaanza kitambo.

“Sina bando, Git itanisubiri.”

Hii ndiyo mama wa imani hizo potofu zote, na inazaliwa na kudhani Git na GitHub ni kitu kimoja. Git ni programu inayokaa kwenye kompyuta yako na kutunza historia ya mabadiliko ya faili zako. Aliiandika Linus Torvalds, yule yule wa Linux, mwezi Aprili 2005, baada ya watengenezaji wa kerneli (kiini) ya Linux kuondolewa ruhusa ya kutumia bure BitKeeper, chombo walichokuwa wakitunzia msimbo wao. GitHub ni huduma ya mtandaoni iliyozinduliwa 2008, na Microsoft ikainunua 2018 kwa dola bilioni 7.5. Kazi yake ni kukuwekea nakala ya ripo, yaani mradi pamoja na historia yake, na kukutanisha watu wanaoandika mradi mmoja. Unaweza kutumia Git miaka kumi bila kuwa na akaunti huko.

Panda basi la Mbeya, zima data, fungua kompyuta: `git add` (kuchagua mabadiliko) inafanya kazi, `git commit` (kuyahifadhi kwenye historia, yaani kukomiti) inafanya kazi, `git log` inakuonyesha kila kitu tangu siku ya kwanza. Historia yote imo ndani ya folda iliyofichwa inayoitwa `.git`, hapo hapo kwenye mradi. Mtandao unauhitaji pale tu unapowasiliana na ripo iliyo mbali, kwa mfano kusukuma (kupeleka kazi huko) au kuvuta (kuileta kwako). Tena hiyo ripo ya mbali si lazima iwe mtandaoni. Yangu moja iko kwenye flashi: niliandika `git init --bare` ndani yake, na sasa nasukuma kazi humo kama mwingine anavyosukuma GitHub.

“Neno la siri nimeshalifuta, niko salama.”

Hapa watu huumia kweli, kwa hiyo twende taratibu. Umeandika config.php yenye neno la siri la hifadhidata. Umekomiti, umesukuma kwenye ripo ya wazi, ambayo yeyote anaweza kuiona. Dakika tano baadaye unashtuka, unalifuta, unakomiti tena na ujumbe “nimeondoa neno la siri”. Ukifungua faili, kweli halimo.

Sasa andika `git log -p`. Linakutazama pale pale, kwenye mstari mwekundu wenye alama ya kutoa mbele yake, na ule ujumbe wako umeshamwonyesha mwizi pa kuchungulia. Kila komiti ni picha ya mradi mzima jinsi ulivyokuwa wakati ule, na picha mpya haifuti ya zamani. Na zipo roboti ambazo hazina kazi nyingine zaidi ya kupekua ripo za wazi zikitafuta funguo za namna hiyo.

Dawa yake si kuanza na historia. Kabadilishe kwanza neno la siri lenyewe kwenye hifadhidata. Kama ni ufunguo wa API (unaoiruhusu tovuti yako kutumia huduma ya wengine), uzime uchukue mwingine. Kusafisha historia kwa `git filter-repo` kuje baadaye, maana aliyekwishanakili amekwishanakili.

Ndugu yake ni `.gitignore`, faili yenye orodha ya vitu unavyotaka Git ivipuuze. Mtu anaongeza `.env`, faili ya funguo zake za siri, humo kisha analala usingizi. Lakini orodha ile inazihusu faili ambazo Git haijaanza kuzifuatilia. Faili ikishakomitiwa hata mara moja, Git itaendelea nayo, uiandike humo usiiandike. Inabidi uandike `git rm --cached .env`, ambayo inaitoa kwenye ufuatiliaji na kuiacha kwenye diski yako, kisha ukomiti. Mimi nililigundua hili baada ya `.env` ya mteja kusukumwa kwa wiki tatu. Ripo haikuwa ya wazi, lakini usiku ule sikulala hadi nilipobadilisha kila ufunguo uliokuwemo.

“`git reset --hard` imenimalizia kazi.”

Amri hii inaurudisha mradi kwenye komiti ya nyuma, na lawama hiyo nusu ni kweli. Komiti ulizoziruka kurudi nyuma bado zipo. Andika `git reflog`, utaona kila mahali ulipopita. Chukua namba ya komiti unayoitaka, tuseme 4f2c9a1, andika `git branch okoa 4f2c9a1`, umeipata. Usikae sana tu, kwa sababu kumbukumbu ya komiti ambazo hakuna tawi (mkondo wa kazi wenye jina, kama hilo okoa) linalozifikia huwekwa siku 30 usipobadilisha mpangilio. Ila mabadiliko ambayo hukuyakomiti wala kuyapitisha `git add`, hayo pole sana.

“Viboksi vya kijani vikijaa, huyo ni fundi.”

Ni vile viboksi kwenye ukurasa wako wa GitHub vinavyoonyesha siku ulizokomiti, na tarehe ya komiti unaweza kuipanga mwenyewe kwa `--date`. Basi.

“Niko peke yangu, Git ni ya timu.”

Mteja anakupigia: jumla kwenye kikapu inakosea, na anaapa mwezi jana ilikuwa sawa. Tangu hapo umekomiti mara 100. Andika `git bisect start`, ionyeshe komiti moja mbovu na moja nzima, nayo itakupeleka katikati. Jaribu kikapu, jibu `git bisect good` au `git bisect bad`, itagawa tena. Kwa majaribio kama saba hivi unayo komiti iliyoharibu, na mistari yake. Hakuna mtu mwingine aliyehusika.

Zile zip tano nimezifungua juzi, nikazikomiti moja baada ya nyingine kwa mpangilio wa tarehe. Kwa mujibu wa `git diff`, duka_mwisho_kweli na duka_mwisho_USIFUTE zinatofautiana kwa nukta mkato moja.