Kilomita Sita "Tu", Shem?

Juzi shemeji yangu wa Mwanza, anayetua Dar kwa mara ya kwanza Ijumaa, kanitumia orodha WhatsApp. Sanamu ya Askari, Boma la Kale, Azania Front, Mtakatifu Yosefu, Makumbusho ya Taifa, Bustani ya Mimea, Feri, Mnara wa Saa, Kisutu, Mnazi Mmoja, Kariakoo. Chini yake: "Nimepima kwenye ramani, kilomita sita tu. Tukianza saa nne, saa saba tunakula."

Hiyo "tu" itanizeesha kabla ya siku zangu. Naongoza watu kwa miguu katikati ya mji huu mwaka wa tisa, na kila mgeni anakuja na kilomita zake. Mtu akitembea Dar hachoshwi na kilomita, anachoshwa na jua. Ramani yako, shem, haina jua.

Chukua mtaa wa Samora. Enzi za Mwingereza uliitwa Acacia Avenue, kwa jina la miti. Siku hizi kando ya barabara kumepangwa magari, na kivuli unakikopa kwenye majengo. Mtaa umelala kutoka Mnara wa Saa kuelekea kaskazini-mashariki, kwa hiyo asubuhi shika upande wa bandarini, alasiri vuka uhamie upande wa Kisutu. Rahisi? Ngoja mchana. Mwezi Juni jua la saa sita liko kaskazini yetu, kivuli kinaangukia kusini, kwa hiyo upande wa Kisutu ndio unaokuokoa. Desemba jua limehamia kusini, kivuli kinageuka na ni chembamba, unatembea umejibana ukutani kama mjusi. Mwanzoni mwa Machi, na tena karibu na tarehe 10 Oktoba, jua linapita utosini kabisa na hakuna upande wowote. Siku hizo mchana sitembezi mtu, hata alipe mara mbili. Waulize machinga: meza zao zinahama na kivuli, na hakuna aliyewafundisha dira.

Vingine ni vya haraka. Makanisa yale mawili ya enzi ya Mjerumani, Azania Front na Mtakatifu Yosefu: ingia, kaa benchi, upoe, toka. Boma la Kale ni la miaka ya 1860, la Sultani Majid, kuta nene za mawe ya matumbawe. Liweke saa tano, kwa sababu ndani kuna ubaridi. Feri nenda asubuhi wakati wa mnada wa samaki, au usiende.

Pale Askari ndipo ninapogombana na wageni. Wanapiga selfi na bunduki, dakika mbili, "twende". Twende wapi? Sanamu hii iliwekwa 1927, mahali ilipokuwa ya Wissmann, gavana wa Kijerumani, ambayo Waingereza waliishusha baada ya kuuteka mji 1916. Shuka macho kwenye kibao. Maandishi yanawakumbuka askari Waafrika, halafu yanawataja wapagazi, kwamba walikuwa miguu na mikono ya jeshi. Miguu! Kikosi chao kwa Kiingereza kiliitwa Carrier Corps, na ndiyo hiyo Kariakoo unayoikimbilia kununua viatu. Nikipata mgeni anayesoma kibao mpaka mwisho, namtembeza kutoka pale mpaka Kariakoo kupitia Mnazi Mmoja, polepole, bila bajaji, na sihitaji kuongeza neno.

Ila nikiri jambo. Kuhusu Kariakoo siku ya kwanza nimebadili msimamo mara tatu. Mwanzo niliiweka mwisho. Watu wanafika hoi, hawaoni kitu zaidi ya migongo ya watu. Nikaiweka asubuhi, mama mmoja akaibiwa simu saa mbili na nusu, siku nzima ikaharibika. Nikaifuta, nikajiona natembeza watu kwenye mji usio na wenyewe. Sasa hivi imerudi, na bado nina wasiwasi. Na nashuku kwamba baada ya kituo cha nne hakuna mgeni anayesikia ninachosema. Wanatikisa kichwa kwa adabu tu.

Wanachokumbuka ni vituo visivyo kwenye orodha. Mwaka jana mzee mmoja wa Bukoba hakutaja sanamu wala makumbusho. Alinipigia kunieleza muuza kahawa wa Kisutu: birika juu ya makaa, vikombe vikigongwa mkononi kaka-kaka, kashata mbili, na wazee kijiweni waliomuuliza ametoka wapi kisha wakabishana nusu saa kama kahawa ya kwao ni bora kuliko hii anayokunywa. Nusu saa hiyo mimi nilikuwa natazama saa.

Kwa hiyo shem, nimekata vituo saba. Makumbusho tutaenda Jumapili, hakuhami. Jumamosi saa kumi na mbili na nusu asubuhi nikukute chini ya Askari, na kofia. Viatu vile vipya viache nyumbani.