Gemu Kwenye Diski ya Nje: Maneno Yanayomchosha Fundi

"Fundi, gemu usiniwekee kwenye diski ya nje, zitaganda." Anayesema hivyo mara nyingi kashika laptopu yenye HDD (diski ya sahani zinazozunguka) ya zamani, na hiyo ndiyo anayotaka nimwekee.

Kompyuta haina habari kama diski imefungwa kwa skrubu au inaning'inia mezani. Inachotaka kujua ni diski ya aina gani na data inapita wapi. HDD ya laptopu husoma kama MB 100 kwa sekunde ikiwa faili ni moja kubwa. Ikitumwa kuokota vifaili huku na huko, kama gemu zinavyofanya, kasi huporomoka hadi MB 1 au pungufu, kwa sababu kichwa cha kusomea kinahangaika juu ya sahani. SSD (diski ya chipu, isiyo na sahani) ya SATA, aina ya kawaida, ndani ya kasha la USB 3.0 hufika MB 400 na ushee, na haina kichwa cha kuhangaika. Sasa hapo nani kaganda?

Ni kweli NVMe ya ndani, yaani SSD ya aina ya kasi zaidi, yenye MB 3,500 na zaidi, inaiacha mbali. Ila kwenye gemu nyingi utaiona tofauti hiyo kama sekunde chache tu za kusubiri ramani ifunguke.

"Mbona mimi nina SSD ya nje na bado inajivuta?" Naomba kebo niione. Naletewa kebo ya chaja ya simu! Kichwa ni kilekile cha Type-C, lakini nyingi za aina hiyo ni USB 2.0, ya zamani na ya polepole. Nakili faili moja kubwa, kisha tazama kasi kwenye dirisha la Windows: ikigota kwenye MB 35 au 40, diski ni nzima, umeikaba koo mwenyewe. Tumia kebo iliyokuja na boksi, chomeka kwenye tundu lenye alama ya SS, mara nyingi la bluu, tena moja kwa moja, si kupitia hubu (kigawa matundu ya USB) ya bei ya vocha. Jaribu hivyo kwanza kabla hujanipigia simu.

"SSD itaniongezea FPS." FPS ni fremu, yaani picha, kwa sekunde. Fremu zinatoka kwenye kadi ya michoro, prosesa na RAM. Diski inahusika pale gemu yenye dunia kubwa inapovuta majengo na barabara huku unaendesha; ikichelewa, picha inakatakata. Ndiyo maana gemu ya Starfield ya 2023 inadai SSD hata kwenye mahitaji ya chini kabisa.

"Flashi nayo si USB 3?" Ni USB 3, ila nyingi ndani yake ni za polepole mno kwa gemu. Weka nyimbo za kwenye gari.

"Nachomoa diski, nachomeka kwa mshikaji, tunacheza." Baadhi zitakubali. Nyingine zitadai Visual C++ (programu saidizi ya Windows), na ulipofikia kwenye gemu kumebaki kwenye folda ya Documents au AppData ya mashine yako. Anayetumia Steam, duka la gemu la mtandaoni, ana nafuu: aongeze folda ya diski kwenye mipangilio ya hifadhi, itazikuta faili na kushusha kilichopungua tu.

Wenye PS5 ndio ninaowakubalia habari ya ndani na nje. Diski ya USB inatunza gemu za PS5, lakini kuzicheza lazima uzirudishe ndani, iwe kwenye hifadhi yake au M.2 (SSD ndogo ya kuchomeka ndani) uliyoongeza. Za PS4 zinachezeka humohumo kwenye USB. Hapo hata kebo nzuri haisaidii, Sony ndivyo walivyoipanga.