Shoti, Mkataba na Makato: Dhana Potofu Kuhusu Kazi za Biashara Ndogo

Wenye maduka, migahawa na saluni wengi huamini kwamba Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ni ya viwanda na makampuni, na kwamba mwenye wasaidizi wawili haimhusu. Ukweli ni kwamba katika Tanzania Bara sheria hiyo haikuweka idadi ya chini ya wafanyakazi: saa za kawaida za muuza duka wa Kariakoo hazipaswi kuzidi 45 kwa wiki, sawa na za karani wa benki.

Dhana inayoumiza zaidi, kwa maoni yangu, ni ya shoti, yaani upungufu wa pesa ya mauzo. Hesabu za jioni zinafungwa, droo imepungua shilingi 30,000, na tajiri, yaani mwenye biashara, anaamua palepale kwamba pesa hiyo itatoka kwenye mshahara. Mfanyakazi naye hudhani ndivyo ilivyo. Sivyo. Makato ya hasara yanaruhusiwa tu ikiwa hasara ilitokea kazini kwa kosa la mfanyakazi mwenyewe, akaelezwa kwa maandishi chanzo na hesabu yake, akapewa nafasi ya kuipinga, na akaridhia kwa maandishi. Na hata hapo makato hayapaswi kuzidi robo ya ujira wake. Droo inayoshikwa na watu watatu, mmoja wao tajiri anayechota nauli bila kuandika, haithibitishi kosa la yeyote. Asiyejua mwisho wa mwezi atabakiwa na ngapi hawezi kupanga kodi ya chumba wala kuweka hisa kwenye kikoba, yaani kikundi cha kuweka akiba, na wengi huishia kwenye mikopo ya kausha damu, ile ya riba kubwa, hata pale ambapo mshahara uliotajwa ungewatosha.

Wengine husema asiye na karatasi hana mkataba. Mkataba wa mdomo unatambulika. Mwajiri ndiye anayetakiwa kuandika masharti ya kazi, na akishindwa kuyaonyesha shaurini, mzigo wa kuthibitisha masharti hayo humwangukia yeye.

Wapo pia wafanyakazi wanaokataa NSSF, Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, ili wapokee pesa yote mkononi. Mchango ni asilimia 20 ya mshahara, na mfanyakazi hakatwi zaidi ya 10; inayobaki hutoka kwa mwajiri, hivyo anayekataa huiacha sehemu hiyo. Mchango wa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi hulipwa wote na mwajiri.

Anayedai kuachishwa kazi isivyo haki ana siku 30 za kufungua shauri katika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Madai mengine, yakiwemo ya mshahara, siku 60.