Mita 120 kutoka wapi?

Rubani wa droni anapotakiwa aeleze kwa nini alivuka kimo kinachoruhusiwa, mara nyingi jibu ni lilelile: "Skrini ilisoma 118." Tunamsadiki. Lakini kanuni za Kenya za mwaka 2020 kuhusu ndege zisizo na rubani haziulizi skrini ilisoma nini. Kikomo ni futi 400, yaani karibu mita 122, kutoka ardhini; na ardhi yenyewe ni ile iliyo chini ya droni wakati huo, si ile uliyosimama wewe.

Droni nyingi hupima kimo kwa barometa, na pale ulipoirusha ndipo panapokuwa sifuri. Ukirusha ukingoni mwa bonde la Kerio, pale Iten, ukapanda mita 30 kisha ukaisukuma mbele, skrini itaendelea kusoma 30 huku chini yake kukiwa na mamia ya mita za hewa tupu. Nanyi mnaopiga picha za majengo mkirushia juu ya paa la ghorofa ya ishirini, sifuri yenu iko mita 60 hewani kabla hata propela hazijazunguka. Hili si jambo la kubishania, ingawa kila mwezi tunabishiwa.

Isitoshe, barometa haipimi kimo. Inapima mgandamizo wa hewa, kisha inakadiria. Pwani, badiliko la hektopaskali moja (kizio cha mgandamizo wa hewa) ni kama mita 8.5 za kimo, Nairobi inakaribia 10. Huku kwetu karibu na ikweta mgandamizo una desturi yake: unafika juu mnamo saa nne asubuhi na kushuka hadi saa kumi alasiri, kwa hektopaskali 3 hivi. Kwa betri ya dakika 25 hilo ni dogo. Kwa droni ya mabawa inayokaa hewani tangu asubuhi hadi alasiri, ni mita 25 au zaidi.

Halafu kuna joto. Hesabu ya kawaida ya barometa huchukulia kwamba usawa wa bahari una nyuzi 15. Mombasa ikiwa na nyuzi 32, droni isiyorekebisha joto ikisoma 120 huwa iko karibu mita 127. Umeshavuka, na hukugusa kitu.

"Mimi natumia GPS," wengine hutuambia. GPS hujua uko wapi vizuri kuliko inavyojua uko juu kiasi gani, kwa kuwa setilaiti zake zote ziko upande wa juu. Tena kimo chake ghafi hakianzii usawa wa bahari: simama ufukweni Mombasa na kinaweza kusoma zaidi ya mita 20 chini ya sifuri. Hujazama.

Tunasisitiza kwa sababu ndege ndogo, nje ya miji, kwa kawaida haziruhusiwi kushuka chini ya futi 500. Zinabaki futi 100, mita 30 tu, za kubeba makosa yako na ya rubani mwenzako. Altimita yake, yaani kipima kimo cha ndege, imewekwa kwa mgandamizo aliopewa na uwanja wa ndege. Yako imewekwa kwa nyasi ulizorushia. Hamna sifuri moja.

Kwa hiyo acha nafasi: mita 100 kwenye skrini ni kimo kizuri cha kazi katika eneo tambarare. Penye miteremko, angalia ramani ya miinuko na ugawe eneo, kila kipande na mahali pake pa kurushia. Programu za kufuata ardhi zinasaidia, ila ramani yake haijui mnara wa simu uliojengwa juzi.

Anayehitaji kuvuka futi 400 aombe kibali kabla ya kuruka, akitaja viwianishi, tarehe, saa, kimo kutoka ardhini na kimo kutoka usawa wa bahari, vyote viwili. Ombi linalosema "mita 150" bila kusema kutoka wapi halitoshi. Kuwasilisha ombi si kupewa kibali, na kibali cha mwenzako si chako. Anayekiuka anaweza kusimamishiwa au kufutiwa leseni, kutozwa faini au kufungwa.

Na droni huandika kumbukumbu zake yenyewe, pamoja na mahali iliporushiwa. Zikiwekwa juu ya ramani ya miinuko, ile 118 huweza kutoka ikiwa 340.